Nyekundu ya Maganda ya Nanasi

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na Wifi naye azipokee za kwake kabla hajaendelea kusoma, maana najua ni yeye aliyeishika karatasi hii na wewe umekaa kwenye kiti chako cha mlangoni, miguu umeinyoosha mpaka watoto wanakuruka. Mimi mdogo wako ninakula, ninatembea, na nyumba niliyopanga haivuji. Wasiwasi wangu ni juu yenu huko. Kile kikohozi cha Wifi kiliisha? Magoti ya Mama yanaendeleaje, au bado anayasema kama watu waliomkosea? Na kitindamimba wako, bado hakubali kulala mpaka umwimbie ule wimbo wako usio na mwisho? Viti unavyosuka nimesikia habari zake hata huku. Mtu mmoja wa mtaa wenu alipita akaniambia umesusia kazi ya tajiri fulani kwa sababu alikuletea kamba mbovu. Nikajua uko mzima.

Wifi, nakuomba jambo moja. Barua hii isome mkiwa wawili tu. Mama akiuliza, mwambie ni habari za kazi, nazo kweli ni habari za kazi, halafu msubiri atoke. Na Kaka akikunja uso katikati, usisimame wala usiruke mstari. Soma tu. Lawama nitazibeba mimi.

Atakunja uso kwa sababu nataka kumwandikia habari za rangi.

Najua, Kaka. Najua nyumba yako ina sheria, na nakumbuka siku ilipowekwa. Jirani alikuja kukusimulia gari jipya la mkwewe, akafika kwenye rangi yake, akaanza kuhangaika nayo, si buluu si kijani, ni kama nini sijui. Ukamkatiza. Ukasema, “Nyumba hii haina rangi tena.” Hukupaza sauti, na nadhani ndiyo maana sote tulitii. Tangu hapo wanao wamejifunza kuomba nguo kwa vifungo na mifuko: nipe shati la mfuko mmoja, nipe gauni lenye ukosi. Nilipokuja likizo nilimsikia binti yako mkubwa akimweleza fundi cherehani kitambaa anachokitaka. Alizunguka weee, akataja uzito wake, ulaini wake, duka alilokiona, rangi hakuitaja, fundi akabaki mdomo wazi. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mimi nami nilitii. Ukiniuliza nafanya nini huku, nakujibu nachunguza vijidudu. Si uongo. Lakini ni sawa na mtu aulizwe wewe ulikuwa unafanya kazi gani enzi zile, ajibu ulikuwa unapanda ngazi.

Ukweli ni kwamba natengeneza nyekundu.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kabla ya kuendelea. Wewe ndiye uliyeniambia nyekundu ni mkorofi kuliko zote, kwamba buluu ukiikosea inakusamehe lakini nyekundu inamwambia kila apitaye njia. Nilikuwa nakushikia makopo wewe ukiwa juu ya ngazi ukiandika majina ya maduka, na ukimaliza herufi unanipandisha ngazini unanipa brashi niweke nukta juu ya i, ndiyo maana mpaka leo unaniita Nukta. Basi nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimevaa koti jeupe la maabara, na bado nashika makopo ya nyekundu. Tofauti ni kwamba hii haijachanganywa na mtu. Hii inaota.

Ngoja nikueleze mahali penyewe. Maabara yetu ni vyumba viwili mwishoni mwa ukumbi mrefu. Chumba cha mbele kina dirisha kubwa linalotazama ua wa nyuma, penye bomba la maji na kamba tunayoanikia makoti yetu. Chumba cha ndani hakina dirisha. Humo ndimo ilimo ile meza inayotikisika yenyewe kutwa kucha, na juu yake chupa zetu zinazunguka na kuzunguka, maana vijidudu vyetu vinataka hewa, na visipotikiswa hukaa chini kama machicha ya pombe vikazubaa.

Tuko watatu. Mkuu wetu ni mama mfupi mwenye sauti ndogo sana, hivyo kila mtu hulazimika kuinama kumsikiliza, hata wakubwa zake. Nadhani anajua anachokifanya. Wa pili ni fundi wa mitambo. Huyu tunamwita Fundi Pole, kwa kuwa neno pole halimtoki mdomoni. Ukijikwaa, pole. Umeme ukikatika, pole. Nimemsikia kwa masikio yangu akiiambia pampu iliyoungua pole mama, umefanya kazi sana. Wa tatu ndiye mimi.

Kijidudu chenyewe ni hamira. Usicheke. Ile ya mkate ndiyo unayoijua, lakini ina ndugu zake ambao hawajawahi kuingia jikoni. Wanaishi juani, juu ya majani na petali za maua, wadogo kiasi kwamba jani moja lina umati wao na wewe unaliona safi. Mkuu alinionyesha siku zangu za mwanzo. Alitoka akachuma jani kwenye kichaka kilicho kando ya lile bomba la uani, akaligandamiza kidogo tu juu ya kisahani cha kioo chenye uji mgumu wa chakula chao, akalitupa jani. Kisahani akakiacha mezani dirishani. Baada ya siku chache pale jani lilipogusa palikuwa na madoadoa. Mengine rangi ya maziwa, mengine kijivu chenye manyoya, Mkuu akayaita magugu. Katikati yao likawapo moja la duara, linang’aa, la waridi linaloelekea kuwa jekundu, limekaa kama tone lililodondoka kwenye brashi yako.

Kaka, niliangalia dari. Nakuambia kweli, nilinyanyua kichwa kuona ni nani amedondosha rangi. Hakuna mtu aliyeleta nyekundu ndani ya chumba kile. Uji ulikuwa mweupe, jani lilikuwa la kijani, hewa haina rangi. Imetoka wapi?

Nilimuuliza Mkuu. Akaniambia niwaze kiumbe kidogo kisicho na kivuli wala shati, kimekaa juu ya jani toka jua linachomoza mpaka linazama. Jua linakilisha na jua hilohilo linakiunguza. Hewa nayo ndivyo ilivyo, akasema, hewa hii tunayoivuta ndiyo inayotia chuma kutu, ndiyo inayochachisha mafuta, ndiyo inayolifanya tunda lililokatwa liwe jeusi mezani. Sote tunapata kutu polepole kwa ndani, watu na hamira. Basi hiki kidogo kinajishonea koti. Hakilivai kwa nje, kinalivaa ndani ya mwili wake, na koti lenyewe ni nyekundu. Jua likipiga, nyekundu inapigwa kwanza. Kutu ikija, inashika nyekundu kabla ya kushika uhai. Wasomi wanaiita antioksidanti, yaani kizuia kutu, lakini mimi tangu siku ile naiita koti la ndani, na Mkuu ameacha kunisahihisha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa kama mtu aliyepigwa. Wewe na mimi tuliishi miaka yote ile tukidhani rangi ni pambo, kitu cha kuita wateja. Kumbe kuna viumbe ambao kwao rangi ni kinga dhidi ya kifo.

Ndoto ya Mkuu ilikuwa kuotesha hamira ile kwa wingi, kuitoa nyekundu yake, na kuitia kwenye vitu vinavyoliwa: kwenye mafuta yasichache upesi, kwenye chakula cha kuku ili kiini cha yai kisiwe kama kimeugua, kwenye peremende za watoto badala ya zile rangi za kemikali. Lakini hamira inakula sukari, na sukari ya maabara ina bei ya kukufanya uisindikize kwa macho. Ndipo Mkuu akaenda kiwanda cha juisi kilicho jirani nasi. Huko nyuma ya kiwanda kulikuwa na kilima cha maganda ya nanasi kinachochacha juani, nzi na nyigu wanakigombania, na wenyewe wanalipa watu kukiondoa. Alipoomba maganda walidhani anatania. Walipoona hatanii wakamletea lori zima, likamwaga mlangoni, na mkuu wa jengo akaja juu kama mbogo.

Kwa hiyo kazi yangu ya kisomi ilikuwa kuosha, kukatakata, kuchemsha na kukamua maganda. Juisi yake tunaichuja kwa kitambaa, tunaipunguza ukali kwa chokaa kidogo, tunaongeza molasi, ile asali nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa, halafu tunaipika kwenye chungu cha mvuke mpaka kila kilichokuwa hai ndani yake kife, ndipo tunaiweka hamira yetu iwe peke yake mezani, bila mgeni. Harufu hiyo imeingia mpaka kwenye nywele zangu. Fundi Pole anasema mkewe analalamika ameolewa na nanasi.

Hamira ilikula. Ilikula kwa pupa, ikaongezeka mpaka chupa zikawa nzito kama uji. Ila uji wenyewe ulikuwa mweupe.

Mweupe, Kaka. Rangi ya maziwa yaliyowekewa maji. Kwenye visahani ilikuwa ya waridi, kwenye chupa ikageuka mtu mwingine. Tukapunguza sukari, tukaiongeza. Tukaongeza chokaa. Tukaongeza kasi ya meza. Fundi Pole akajenga kitu cha kupuliza hewa kwa pampu aliyoifufua mwenyewe. Tulichopata kila mara ni maziwa. Mkuu akaanza kusema kwa sauti ndogo zaidi, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Kumbuka na hili: bodi ya wakubwa ilishatuma taarifa kwamba watakuja kuona, na kama hakuna cha kuona, vyumba vitatumika kuhifadhia viti vya mikutano. Nakuapia, viti. Mimi na Fundi Pole tungeenda zetu, na Mkuu angerudishwa darasani kufundisha mambo aliyoyafundisha ujanani mwake. Nilimkuta siku moja amepanga vitabu vyake kwenye maboksi. Aliniambia anavifuta vumbi. Nikamwambia ndiyo, Mkuu, vumbi limezidi. Nikainama nikamsaidia kuvifuta, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Sasa, Kaka, nafika pale ninapopataka.

Katika wiki zile za mwisho kabla ya bodi kuja nilizitoa chupa zangu kadhaa kwenye chumba cha ndani. Kulikuwa na meza kuukuu ya kutikisa, ndogo, iliyoachwa chini ya dirisha la chumba cha mbele, kazi yake ikiwa kuwekewa chai. Niliiondolea vikombe, nikaiwasha, ikakohoa, ikaanza kuzunguka. Nikaziweka chupa pale. Sikumwuliza mtu. Mkuu alikuwa ametukataza, kwa kuwa nyekundu ya namna hii ikishatolewa hufifia juani kama pazia, naye aliona busara ni kuikinga na mwanga toka mwanzo. Mimi nilisema moyoni, kwani kuna nyekundu gani ya kufifia?

Asubuhi moja nikafika kabla ya wenzangu. Jua lilikuwa limeingia mpaka nusu ya sakafu. Nilifungua mlango nikasimama, mkono bado uko kwenye kitasa.

Wifi, hapa soma polepole.

Kaka, unakumbuka tulipokuwa wadogo umeme ukikatika, ulikuwa unawasha tochi unaifunika kwa kiganja, na kiganja kinawaka? Vidole vinakuwa kama vina moto ndani lakini haviungui, na pale penye nyama nyembamba kati ya kidole na kidole ndipo panang’aa zaidi? Ndiyo hiyo. Nyekundu ileile. Chupa zilikuwa zinazunguka dirishani na kila moja ilikuwa kiganja juu ya tochi. Pale jua lilipopita kwenye mawimbi membamba ilikuwa rangi ya machungwa, na pale uji ulipojikusanya ilikuwa nyekundu nzito ambayo wewe ungeipata kwa kutia nyekundu ya kopo na manjano kidogo, halafu ungeigombeza kwa kukosa uhai, kwa sababu ya kopo haina uhai. Hii ilikuwa hai. Ilikuwa inapumua. Ilikuwa inajishonea koti mbele ya macho yangu kwa sababu jua lilikuwa limeipiga na imekumbuka kwamba yenyewe ni mtoto wa juu ya jani.

Sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni. Fundi Pole alipoingia alinikuta hapo, akadhani nimeanguka, akaanza pole, pole, pole sana, mpaka nilipomwonyesha kwa kidole. Akavua kofia. Sijui kwa nini mtu avue kofia mbele ya chupa za nanasi, lakini mimi niliona ni sawa kabisa. Mkuu alikuja mwisho. Yeye aliweka mkoba chini, akaenda moja kwa moja chumba cha ndani, akarudi na chupa moja nyeupe, akaishika kando ya zangu nyekundu. Alizitazama hivyo muda mrefu. Halafu nikasikia sauti yake kubwa kwa mara ya kwanza. Alisema, “Mwanga! Sisi wajinga, tulikuwa tumeifungia gizani!” Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wa vyumba vingine wakaja kuchungulia.

Siku zilizofuata zilikuwa kama siku za harusi, tofauti ni kwamba bibi harusi alikuwa hamira. Tulihamisha kila kitu dirishani. Fundi Pole akafunga taa kali kuzunguka pipa kubwa la kioo. Ili tuwe na hakika, Mkuu akaagiza nusu ya chupa zifunikwe karatasi ya bati na nusu ziachwe wazi, chakula kimoja, hamira moja. Za gizani zikawa maziwa. Za wazi zikawaka. Tulipoivuna hamira na kuivunja ngozi ili nyekundu itoke, tuliipokea ndani ya mafuta, na mafuta yakawa ya rangi ambayo sitaki kuieleza hapa kwa sababu nataka nije niieleze nimekaa karibu nawe.

Bodi ilipokuja, Mkuu hakuwahutubia. Alichukua kichupa cha maji ya zambarau, ambayo ni dawa ya kupimia hiyo kutu niliyokueleza, akadondosha matone machache ya nyekundu yetu. Ile zambarau, Kaka, ilianza kuondoka. Ilififia toka chini kwenda juu kama mtu anayebadili mawazo, ikawa ya waridi, ikawa ya majani makavu, ikaishia manjano hafifu. Alichokuwa anatuonyesha ni koti likifanya kazi yake, likipigwa badala ya mwenyewe. Mzee mmoja wa bodi, mkali kweli, alivua miwani akaifuta akaivaa tena, akaomba arudiwe. Akarudiwa. Akaomba tena. Viti vyao vya mikutano wamevitafutia mahali pengine.

Usidhani nakuletea dawa. Najua utauliza, au Wifi atakuuliza ukinyamaza. Nyekundu hii inazuia mafuta kuchacha na inampendezesha kuku, lakini haiwezi kurudisha macho yaliyokwisha kwenda. Nilimwuliza daktari wa macho kwa mdomo wangu. Nisingekudanganya kwa jambo hilo.

Na kama umejiuliza nilikuwa na kazi gani kwa daktari wa macho, basi ndiyo nimefika.

Watu wote walinisifu kwa kuzihamisha chupa. Mmoja wa bodi aliniita binti mwenye akili ya kuthubutu. Nilitabasamu. Lakini sikuzihamisha kwa akili, Kaka. Nilizihamisha kwa sababu kule ndani nilikuwa sizioni. Wenzangu walikuwa wanaingia chumba kile wanasoma alama kwenye chupa na kutoka. Mimi nilikuwa napapasa. Mwanzo nililaumu balbu, nikamwomba Fundi Pole aibadilishe, akaibadilisha, nikaona vilevile. Halafu nikaanza kugonga stuli iliyo kando yangu, stuli ambayo haijawahi kusogea. Jioni nikitoka kazini nafuata ukuta. Mtu akija toka ubavuni namwona akiwa tayari ameshafika. Ni yale yale uliyotueleza sisi tukakwambia umechoka, kunywa maji.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari, kijana mpole, aliniwekea matone, akamulika nyuma ya jicho, akaniuliza kama katika familia yetu kuna mwingine. Nilikutaja wewe. Kisha nikamkumbuka Bibi mzaa baba, alivyokuwa anashika kuta jua likizama na sisi tukisema ni uzee. Akaandika. Ni ugonjwa uleule. Unaanza na giza, unakula pembeni, unaacha katikati mpaka mwisho. Inaweza kuwa miaka mingi, inaweza isiwe mingi. Hakuniahidi kitu, na nilimshukuru kwa hilo.

Niliwaambia kazini. Nilidhani Mkuu ataniondoa, maana nani anataka mtu wa rangi asiyeona. Aliinamisha kichwa, akaniuliza napendelea taa ya juu au ya mezani. Kesho yake zilikuwapo zote mbili. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba chupa zilihamishiwa dirishani ili zionekane vizuri, akanionyesha, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli tupu. Na Fundi Pole, nilipomwambia, hakusema pole. Alikwenda akaigongomea sakafuni ile stuli isisogee kamwe.

Mama hajui. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Wifi, nisamehe kwa kukutwisha mzigo huu wa kusoma.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwuliza ninayotaka kuuliza. Kaka, je, inabaki? Ukikaa pale mlangoni, miaka yote hii, nyekundu bado ipo kichwani mwako au imeondoka pamoja na macho? Ilianza kwenda ipi? Ulipotuambia nyumba haina rangi, ilikuwa ni kwamba zimekwisha, au ni kwamba zilikuwapo zote na zinauma? Niambie kweli. Usinifariji. Nitaishi na jibu lolote, lakini nataka kujua niweke akiba ya nini.

Mwanzoni niliogopa sana, sitakuficha. Sasa kuna jambo jingine limekaa juu ya hofu. Kila asubuhi nasimama dirishani nazitazama zile chupa, na najua nimeona kitu ambacho watu wengi wenye macho mazima watazeeka bila kukiona. Rangi inaanza pale pasipokuwa na rangi, kwa maganda yaliyotupwa na kwa mwanga, basi. Nimekuwapo. Imenitosha kunifanya nitake zaidi, wala sijisikii kama mtu aliyenyang’anywa.

Nitakuja likizo inayokuja. Nina ombi nalo ni la kubadilishana. Kitindamimba wako hujamwona uso. Najua hujawahi kumwuliza mtu yeyote anafananaje, kwa sababu ya sheria yako, na kwa sababu ya kitu kingine ambacho sitakitaja. Mimi nitamkalisha mapajani, nikutajie kila kitu, nyusi, meno yaliyotoka na yaliyong’oka, akishakimbia shavu linakuwa rangi gani. Uliza chochote, mpaka uchoke, macho yangu kwa sasa yanatutosha sote wawili. Na wewe unifundishe kumimina chai bila kumwaga, kujua nani ameingia kwa mshindo wa miguu, kushuka ngazi bila kuhesabu kwa sauti. Nataka kujifunza mapema, nikiwa bado naweza kukuona unavyofanya.

Msalimie Mama na umwambie nakuja. Wasalimie wanao kila mmoja kwa jina lake. Wifi, asante kwa sauti yako, pumzika sasa, kunywa maji.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nukta